Kusafisha ekseli ya nyuma ya Land Rover ya zamani kwa kupiga punje kabla ya kuipaka rangi

Mwongozo huu unahusu ekseli ya nyuma ya Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ingawa mengi yaliyomo yanafaa kwa ekseli yoyote ya kipande kimoja yenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) katikati. Kuondoa kutu na rangi kuukuu kwa mashine inayorusha punje ngumu kwa hewa yenye shinikizo hakuchukui muda mrefu. Kinachoamua kama ekseli itadumu ni namna ulivyoizuia punje isiingie ndani, na namna ulivyowahi kuifunika chuma kabla unyevu haujaigusa.

Hatua ya kwanza ni kuivua ekseli kila kitu. Wapo mafundi wanaoipiga ikiwa nzima, wakiziba matundu kwa utepe wa karatasi, lakini mimi sikubaliani na njia hiyo. Punje ya garneti ina ugumu wa takriban 7.5 katika kipimo cha Mohs, na chache tu zikipenya hadi kwenye beringi husagana na chuma mpaka difu ianze kuvuma. Mwaga oili, chomoa shafti mbili za magurudumu, fungua difu kwa mbele na uitoe, kisha ondoa habu, sahani za breki na ncha zinazobeba beringi, ambazo zimefungwa kwa bolti na hutoka bila shida. Paipu za breki na kipumulio kilicho juu ya ganda la ekseli navyo vitoke. Vumbi la viatu vya breki vya zamani huenda lina asbesto, kwa hiyo lilowanishe na ulipanguse kwa kitambaa utakachokitupa. Usilipeperushe kwa kompresa.

Baada ya hapo osha ganda. Kwangua tope na grisi, sugua kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, na uliache likauke. Upigaji hauondoi mafuta, bali huyasambaza, na ukizikusanya punje uzitumie tena unayapeleka hadi mahali palipokuwa safi. Nyunyizia matone ya maji: yakitandaa, chuma ni safi; yakisimama kama shanga, rudia kuosha.

Kuziba kunastahili subira kuliko hatua nyingine zote. Kwa tundu kubwa la difu kata bamba la chuma linalofuata mpangilio wa matundu ya bolti, weka chini yake mpira wa tyubu kuukuu ya lori, kisha ulikaze kwa nati za zamani ambazo hutazitumia tena. Ncha mbili za mirija zifungwe vivyo hivyo. Mpira unafaa kwa sababu hunesa punje inapogonga, ilhali utepe wa karatasi huchanika mara moja. Kila mahali panapokaa gasketi pafunikwe na bamba lenyewe, matundu yenye nyuzi yatiwe bolti kuukuu, na tundu la kipumulio, ambalo ndilo husahaulika zaidi, lizibwe kwa bolti na mpira. Namba iliyogongwa kwenye ganda iandike pembeni, kisha uifunike kwa kipande cha mpira, kwa kuwa ikifutika utapata taabu siku ya kuagiza vipuri.

Sasa chagua punje. Mchanga unaochimbwa Lwera nchini Uganda, kando ya barabara ya Kampala hadi Masaka, ni rahisi kuupata na ni mzuri kwa zege, lakini usitumike kwa kazi hii. Ni silika, na vumbi lake laini husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hiyo katika upigaji tangu 1950. Tafuta garneti yenye punje za milimita 0.25 hadi 0.6, au oksidi ya alumini. Hata hivyo vaa kofia inayoletewa hewa safi, au angalau barakoa yenye chujio la vumbi laini, pamoja na glavu ndefu, na uwatenge watoto na majirani kutoka eneo la kazi.

Kompresa ya kujazia tairi haitoshi. Nozeli ya milimita 6 hula takriban futi za ujazo 80 za hewa kwa dakika kwa shinikizo la psi 100, na ya milimita 3 hula takriban 20. Kama mashine yako ni ndogo, tumia nozeli ndogo na ukubali kuchelewa. Pulizia hewa tupu juu ya kitambaa cheupe kwa dakika moja: kikilowa au kikipata doa la oili, safisha chujio la maji kabla ya kuendelea.

Piga kwa psi 80 hadi 100, nozeli ikiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 na imeinama kidogo, ukianza na mishono ya kuchomelea na sehemu springi zinapokaa. Lengo ni chuma cha kijivu kisicho na kutu, kiwango cha usafi wa chuma kinachojulikana kama Sa 2½. Kuba la nyuma la ganda ni bamba jembamba lililochomelewa, na kutu huwa imelila upande wa chini, hivyo usikawie hapo. Ukimaliza, fungua bamba moja kivulini, ingiza taa ndani na utafute vitobo. Panapopita mwanga pachomelewe na fundi, kisha pafungwe na kupigwa tena.

Usilishike ganda tena kwa mikono mitupu. Peperusha vumbi kwa hewa kavu na upake primeri ya epoksi (rangi ya kwanza) ndani ya saa nne, ukianza kwa brashi kwenye mishono ya kuchomelea na kingo. Kando ya Ziwa Viktoria asubuhi huwa na unyevu mwingi, kwa hiyo mimi hupiga kuanzia saa nne, na katika miezi ya Machi hadi Mei husubiri siku iliyo kavu kabisa. Unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau digrii 3 juu ya kiwango ambacho umande hutokea.

Rangi ikishakauka ndipo vizibo vitolewe, ganda likiwa limeelekeza tundu la difu chini. Pitisha kitambaa cheupe chenye mafuta ya taa katika kila mrija, ukibadilisha kitambaa mpaka vidole visihisi punje. Funga kwa sili na gasketi mpya, rudisha kipumulio, jaza oili ya gia ya EP 90, lita 1.75 kwa ekseli ya aina ya Rover. Baada ya kilomita mia chache imwage kwenye beseni safi, isugue kati ya vidole, na ukihisi ukwaruzo wowote fungua difu tena.