Majeruhi wa kichwa akirudi nyumbani, bangi usimpe

Mdogo wangu alipoanguka na bodaboda hapa Uyole, Mbeya, mjomba alitaka tumchemshie majani ya bangi. Alisikia kwamba ubongo wenyewe una dawa ya aina hiyo. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo maana yanashawishi.

Mweleze mzee wako kwa heshima. Ubongo hutengeneza kemikali zake zinazofanya kazi kama zile za bangi: anandamaidi, iliyotambuliwa Jerusalem mwaka 1992, na nyingine iitwayo 2-AG. Hutoka kwenye mafuta ya utando wa seli, pale zinapohitajika, kisha huvunjwa upesi. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa panya wakiumizwa kichwa, 2-AG hupanda ubongoni, na waliopewa ya ziada walipona vizuri zaidi. Kwa binadamu mambo hayakuwa hivyo. Deksanabinoli, dawa ya maabara yenye umbo linalokaribiana na kemikali ya bangi, ilijaribiwa kwa majeruhi zaidi ya 800; majibu ya 2006 yalionyesha haikuwasaidia.

Bangi haichagui penye jeraha. Inaingia ubongo mzima na kuvuruga kumbukumbu na umakini, ambavyo mgonjwa tayari amepungukiwa. Tena atasinzia, nawe hutajua kama ni bangi au damu inavuja ndani. Hili la pili ndilo lililomnyamazisha mjomba.

Usiku wa kwanza asilale chumbani peke yake. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akapata degedege, upande mmoja ukalegea, mboni zikatofautiana, maji yasiyo na rangi yakatoka puani au sikioni, au akawa haamki vizuri, rudini hospitali usiku huohuo. Sisi tulishapatana na dereva wa bajaji mapema. Maumivu ya kawaida mpe parasetamo; aspirini usimpe.

Kama daktari amesema jeraha ni dogo, apumzike siku moja au mbili, simu na televisheni zipungue, kisha aanze kutembea. Mazoezi ya wastani huongeza anandamaidi kwenye damu, bila kuchemsha jani lolote. Asubuhi za Juni huku ni baridi, kwa hiyo tulisubiri jua: kwanza kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mparachichi, baadaye hadi barabarani. Kichwa kikianza kugonga, tunarudi.

Alale saa zilezile kila siku. Akikasirika ovyo, msimgombeze, ubongo umechoka. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, asiguse, na pikipiki asiendeshe mpaka daktari amruhusu.