Kitulo hadi Matema kwa miguu: fungasheni kama kundi, si kama watu sita

Marafiki wakiamua kwenda kutembea milimani, kila mmoja hufungasha nyumbani kwake usiku wa mwisho. Matokeo yake kundi hufika Matamba, safari ya miguu inapoanzia, na sufuria nne, sukari kilo tano, na hakuna aliyekumbuka plasta. Mabegi yanakuwa mazito na vitu vya lazima havipo. Dawa yake ni kukutana siku tatu kabla, kumwaga kila kitu sakafuni, kupima kwa mizani na kugawana upya. Maelezo haya ni ya watu sita na mlo wa siku tatu. Mkiwa wanne au wanane, badilisheni hesabu.

Kwanza muijue njia. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, haifiki mita 550. Kati yake imesimama milima ya Livingstone. Kwa hiyo begi moja linatakiwa lihimili baridi ya kugandisha umande na pia joto la ziwani lenye mbu. Mwenye miguu myepesi anaweza kuvuka kwa siku moja ndefu, lakini mkiwa na mizigo pangeni siku mbili baada ya kulala Matamba. Mchukueni mwongozaji. Muulizieni kwenye ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo pale Matamba, maana vijia vya kwenda vijijini vinafanana na ramani ya simu haivijui vyote. Malipo ya hifadhi yamalizeni kabla ya kupanda, mtandao ukiwa bado upo.

Kutoka Mbeya, shukieni Chimala kwenye barabara kuu ya Iringa, kisha pandeni gari la Matamba. Barabara hiyo ya kupanda ndiyo yenye kona kali hamsini na saba. Mwenye kutapika garini akae mbele.

Msimu ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Maua yaliyoipa Kitulo jina la Bustani ya Mungu, zikiwemo aina 45 za okidi, huchanua kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ndiyo miezi ya mvua, matope na radi. Juni hadi Agosti ni pakavu, lakini alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Kwa kundi la mara ya kwanza tunashauri Septemba au Oktoba: mvua bado, baridi imepungua. Maua mtayarudia mkishaujua mlima. Na mkiyakuta, msichimbe viazi vyake. Biashara ya viazi vya okidi kwenda Zambia, ambako huliwa kwa jina la chikanda, ilitishia kuumaliza uwanda huu, na ni sababu mojawapo ya kuwekwa hifadhi hapa mwaka 2005.

Mabegi mazuri yanapatikana kwenye mitumba ya masoko ya Mwanjelwa na Sido, jijini Mbeya, ila msinunue kwa kuangalia rangi. Mwombe muuzaji akuwekee kitu chenye kilo kumi ndani, ufunge mkanda wa kiunoni, utembee hatua hamsini. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Uzito ukihamia nyongani na mabega yakawa huru, begi limekufaa. Kagua mshono unapoungana mkanda wa bega na mgongo wa begi, maana ndipo panapochanika kwanza. Klipu ya kiunoni ikiwa na ufa, liache hata kama bei ni ya kutupa.

Begi likijaa, pamoja na maji, lisizidi robo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 abebe kilo 15 mwisho, na 12 ni afadhali. Ndani tandika nailoni safi, kama ile ya ndani ya kiroba cha mbolea iliyooshwa vizuri, kwa sababu hakuna begi lisilopitisha mvua ya Kitulo. Nguo za kulalia chini kabisa, chakula na sufuria katikati karibu na uti wa mgongo, koti la mvua juu. Kizito kikiwekwa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma kila unapopanda.

Jinzi iachwe nyumbani. Pamba ikilowa haikauki huko juu, inakunyonya joto. Chukueni sweta za sufu za mitumba, mbili kila mtu, moja isiguswe hadi usiku. Viatu vivaliwe wiki mbili kabla ya safari.

Mahema mawili ya watu watatu yanawatosha. Moja lisibebwe na mtu mmoja: huyu abebe nguzo na vigingi, yule kitambaa cha nje, wa tatu cha ndani. Sufuria ya lita sita, nyingine ya lita tatu, jiko moja dogo la kikopo cha gesi, boksi moja la dawa. Gesi hesabuni gramu 40 kwa mtu kwa siku, yaani 720 kwa siku tatu. Vikopo vitatu vya gramu 230 haviwatoshi, bebeni vinne. Mtungi wa kilo tatu msiufikirie, chuma chake ni kizito kuliko gesi iliyomo.

Hapa kwenye gesi ndipo makundi mengi hukwama asubuhi. Kikopo cha bei rahisi hujazwa butane tupu, ambayo joto likifika sifuri haigeuki tena kuwa mvuke. Unawasha, moto unakuwa mdogo wa bluu, unazimika, na kikopo ukikitikisa unasikia bado kimejaa. Msikipashe kwa moto hata siku moja! Kilale na mtu ndani ya begi la kulalia, na asubuhi kishikwe kwapani dakika kumi kabla ya kuwasha.

Maharage msiyabebe mabichi. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na maharage yatawamalizia gesi yakiwa bado magumu. Beba unga kilo moja kwa kila mlo wa ugali, mchele robo tatu kilo kwa mlo wa wali, na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wakavu nusu kilo kwa milo mitatu, waliokaangwa tayari na kutolewa mchanga. Karanga za kukaanga gramu 100 kwa mtu kwa siku, ziliwe njiani. Viazi vya Matamba ni vitamu lakini ni maji matupu mgongoni: vileni usiku wa kwanza palepale. Maji ya vijito yachemke dakika tatu kamili, maana ng'ombe wako juu yenu.

Kwenye kutembea, asiye na pumzi akae wa pili, nyuma ya mwongozaji, na mwendo uwe wake. Mwenye nguvu na boksi la dawa afunge mstari. Ukungu ukishuka, simameni mpaka wote mguswe kwa mkono. Uwandani hakuna mti wa kukuongoza, na aliyetangulia mita mia hasikii sauti. Msimu wa mvua, muwe mmeshuka kwenye vilele ifikapo saa sita mchana. Radi ikiwakuta wazi, tawanyikeni, mchuchumae miguu pamoja, msilale.

Baridi inayoua haiji na kelele. Mwenzenu anaanza kushindwa kufunga zipu, anajikwaa, maneno yanamlegea, anasema yuko sawa. Msimwamini. Mvueni nguo zilizolowa, avae kavu, aingie kwenye begi la kulalia na mtu mwingine, apewe chai yenye sukari nyingi akiwa anaweza kumeza. Ulanzi marufuku: pombe inampa hisia ya joto huku ikilitoa mwilini. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi, tafuteni msaada wa kumshusha.

Mteremko wa kwenda ziwani ni zaidi ya mita 2,000, na magoti ndiyo yanayolipa. Kateni kucha za miguu siku tatu kabla, kazeni kamba za viatu pale kifundoni, pigeni hatua fupi na fimbo ya mwanzi mkononi. Sehemu ya mguu ikianza kuwaka moto, bandikeni plasta hapo hapo, msingoje lengelenge. Kabla ya kusimika hema kijijini, mwoneni mwenyekiti wa kijiji.

Mkifika Matema, vyandarua vitoke kwanza kabla ya kuoga. Halafu yatandazeni mahema mchangani yakauke kabisa: yakikunjwa na unyevu, ndani ya wiki yanaota ukungu na rangi ya kuzuia maji inabanduka.