Namna ya Kubuni Kipimo cha Haraka Kilicho Nafuu na cha Kuaminika

Kazi ya kubuni kipimo cha kutumika kando ya mgonjwa huanzia kwenye uamuzi ambao mhudumu wa afya atatakiwa kuufanya mara tu apatapo majibu. Kabla ya kununua kemikali yoyote, andika kwa sentensi moja ni dawa gani itatolewa au kuzuiwa, na nani, na baada ya dakika ngapi, kwa sababu kifaa ambacho majibu yake hayabadilishi matibabu ni hasara hata kikiuzwa kwa bei ya chini kabisa.

Uamuzi huo ndio unaochagua njia ya kupima. Ikiwa kinachotakiwa ni kiasi kamili, kama ilivyo kwa sukari ya damu, utahitaji elektrodi iliyopakwa kimeng'enya, kwa msingi ambao watafiti Leland Clark na Champ Lyons waliueleza mwaka 1962. Ikiwa swali ni la ndiyo au hapana, kitepe cha karatasi kama kile cha kupimia malaria au ujauzito kinatosha, nacho hakihitaji umeme.

Katika kitepe hicho, tone la sampuli huingia kwenye pedi ya kwanza, likaziyeyusha kingamwili (protini zinazonasa kitu kinachotafutwa) zilizounganishwa na chembe za dhahabu, ambazo mara nyingi huwa na kipenyo cha nanomita 40 hivi, kisha likatambaa katika utando wa nitroselulosi na kupita kwenye mstari wa kipimo, unaoonyesha majibu, na mstari wa kidhibiti, unaothibitisha kuwa kitepe kimefanya kazi, huku pedi ya mwisho ikifyonza kilichobaki. Punguza gharama kwenye kasha la plastiki, lakini usipunguze kwenye kingamwili, maana kingamwili dhaifu haifidiwi na ubunifu wowote wa mbele. Utando unaopitisha maji polepole huongeza uwezo wa kugundua kiasi kidogo, ingawa huchelewesha majibu. Hapo rejea sentensi yako ya kwanza, uone mhudumu anaweza kusubiri dakika ngapi.

Vifaa vingi hufanya vizuri katika maji safi ya maabara, kisha vikashindwa vikikutana na damu halisi. Kwa hiyo pima mapema kwa sampuli za watu, ukiwa na kibali cha kamati ya maadili. Kikomo cha chini cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukigundua, hukadiriwa kwa kupima mara nyingi sampuli zisizo na ugonjwa, ukachukua wastani wake na kuongeza mara tatu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotofautiana na wastani. Pima pia viwango vya juu sana, kwa kuwa antijeni, yaani kitu ambacho kingamwili hukinasa, ikizidi mno mstari unaweza kufifia, na mgonjwa mahututi akaambiwa hana ugonjwa.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni hesabu ya majibu ya uongo. Chukua watu 1,000 ambao 10 kati yao ni wagonjwa, na kipimo kinachowatambua kwa usahihi asilimia 95 ya wagonjwa na asilimia 95 ya wazima. Kitawapata wagonjwa 9 au 10, lakini kitawahesabu pia wazima wapatao 50 kuwa ni wagonjwa, hivyo wengi wa watakaopewa majibu chanya watakuwa wazima. Ugonjwa unapokuwa adimu, weka kipimo cha pili cha kuthibitisha.

Joto na unyevu huharibu kingamwili kimyakimya. Funga kila kitepe katika pakiti ya foili yenye kikaushio, kihifadhi katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi kwa miezi kadhaa, ili kuharakisha uchakavu, huku ukikipima mara kwa mara, na wakati huohuo endelea kuhifadhi vingine katika hali ya kawaida hadi muda wa matumizi utakaoandikwa utimie.

Mwisho, wape vitepe na maelekezo ya picha wahudumu ambao hawakushiriki kuvitengeneza, uwatazame bila kuwasaidia. Wakidondosha matone pungufu au wakisoma majibu kwa kuchelewa, rekebisha kifaa au maelekezo, kisha rudia jaribio kwa wahudumu wengine. Kumbukumbu za kila toleo zitunzwe tangu siku ya kwanza kwa kufuata ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora wa vifaa tiba, kwa kuwa kuzitafuta nyuma wakati wa kuomba usajili ni kazi ngumu mno.