Kuchora Uso wa Mtu kwa Rangi Ufuoni Dunga

Anayejifunza kuchora sura za watu hapa Kisumu hana haja ya kunakili picha za simu, kwani ufuo wa Dunga una nyuso na mwanga wa kutosha kila jioni. Kabla ya kutoa penseli, msalimie mama anayeanika omena, yaani dagaa wa ziwani, mwombe ruhusa, na umweleze kazi itachukua muda gani. Akikubali, mketishe kivulini, shavu moja likielekea ziwani.

Chora umbo la yai, kisha pitisha mstari hafifu katikati ya utosi na kidevu, maana hapo ndipo macho hukaa. Wanaoanza huyapandisha mno kwa kusahau fuvu, hasa mama akiwa amejifunga kitambaa kichwani.

Ugumu wenyewe uko kwenye rangi. Ngozi iwe nyeusi kiasi gani, rangi nyeusi ikitumika peke yake huufanya uso ufanane na masizi. Changanya kahawia iliyokolea na buluu nzito upate giza lenye uhai, kisha ongeza wekundu kidogo masikioni na midomoni. Halafu tazama paji la uso kwa makini: pale panapong'aa si peupe, pana rangi ya anga, na chini ya kidevu, ikiwa mama amejitanda leso ya manjano, utaona umanjano umerudi ngozini. Mimi huanza na kivuli chote kwanza, kwa sababu karibu na ikweta jua hutua karibu wima, na mwanga uliouanza nao hautakungoja.

Mavazi yapewe heshima yake. Joy Adamson, aliyepewa kazi na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya, alitunza shanga na mapambo kwa uangalifu ambao hadi leo unafundisha. Nawe basi usiliache fundo la kitambaa kuwa doa tu.

Ziwa na milima ya ng'ambo vije mwisho, kwa rangi nyepesi yenye ubuluu, ili visishindane na uso. Wadudu wa ziwani wakinata kwenye rangi mbichi, usiwafute kwa kidole. Subiri ikauke kabisa, kisha uwapanguse kwa brashi kavu.