Linki za stabilaiza za kurekebisha: kaza gari likiwa limekanyaga chini

Kwa wenye gari zilizonyanyuliwa kwa spesa (vipande vya kuinua springi) ili zipande vilima vya mawe hapa Mwanza: linki za kurekebisha urefu, yaani vijiti vinavyoshika ncha za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), msizikaze gari likining'inia kwenye jeki. Liegesheni juu ya shimo la gereji, sakafu tambarare, tairi zote nne zikibeba uzito. Funga linki ya upande mmoja, halafu zungusha linki ya pili hadi bolti iingie kwa vidole bila kulazimishwa, ndipo ukaze nati ya kufungia. Hapo stabilaiza haijajipinda, na gari litakata kona za kulia na kushoto sawasawa. Springi moja ikiwa imelala (imechoka na kushusha upande wake), anza nayo. Linki haitaponya hilo. Dukani chagua zenye mpira mzima unaofunika bolijointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya linki), maana vumbi letu linazila haraka sana.