Somo: Bhajia za viazi na kachori kwa karai moja (someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Tangu Ramadhani nimeulizwa maswali mawili tu, kila mtu kwa namna yake: kwa nini kachori zinapasuka, na kwa nini bhajia zinakunywa mafuta. Nimeyaandika yote hapa ili nikiulizwa tena nielekeze. Nilifundishwa Ngara, hapa Nairobi, na jirani yetu Mgujarati, mama mzee tuliyemwita Ba kama wajukuu wake walivyomwita. Ba alipima kwa kiganja. Vipimo hivi ni vyangu, vya jikoni kwangu South B.

Shikeni hili kabla ya kuwasha gesi: karibu kila kinachoharibika ndani ya karai kimeharibiwa na maji.

Vitu: viazi kilo 1 (nusu bhajia, nusu kachori), unga wa dengu vikombe 3, unga wa mchele vijiko 2 vikubwa, fungu la dania, saumu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari ya manjano, ndimu, chumvi, mafuta ya kupikia lita 1.

BHAJIA

1. Menya viazi, kata slesi nyembamba zenye unene wa sarafu.

2. Osha, kisha kausha kwa kitambaa.

3. Changanya slesi na dania, saumu, tangawizi, pilipili na bizari. Weka unga wa dengu kikombe kimoja na nusu pamoja na unga wa mchele. Nyunyiza maji kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka unga ung'ang'anie kiazi. Hatutaki uji. Chumvi iwe ya mwisho, mafuta yakiwa tayari, kwa sababu chumvi huvuta maji ya kiazi na rojo hulegea ukilitazama.

4. Dondosha tone la rojo kwenye mafuta. Likizama na kukaa chini, mafuta bado. Likiibuka papo hapo na mapovu, anza. Likigeuka kahawia mara moja, punguza moto. Tia slesi moja moja, usijaze karai. Ukijaza mafuta hupoa, na mafuta yaliyopoa ndiyo yanayonywewa.

5. Dakika nne au tano, geuza, epua, chuja.

KACHORI

Nasema kachori hizi zetu, madonge ya viazi yaliyovikwa unga wa dengu. Ukienda India ukaagiza kachori utaletewa kitu kingine, kitumbua cha unga wa ngano chenye dengu au njegere ndani. Hizi zetu kule ni batata vada.

1. Chemsha viazi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wa kwanza kupika peke yangu nilikuwa na wageni wa futari. Nilimenya viazi, nikavikata vipande ili viive haraka, nikaviponda vikiwa vimelowa. Madonge yalikuwa laini, nikayavika rojo jepesi, nikayatia karai. La tatu lilipasuka. Mafuta yaliruka mpaka kwenye mkono wangu wa kulia, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, na binti yangu alikuwa amesimama hatua mbili tu nyuma yangu. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo ukifungiwa ndani ya donge, utatafuta pa kutokea.

Kwa hiyo: chemsha viazi VIZIMA na maganda yake. Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo dakika mbili, utikise, uone mvuke ukitoka. Menya, ponda vingali moto, tia viungo, ndimu na chumvi, kisha acha vipoe bila kufunika. Ukifunika, mvuke unarudi kuwa maji mle mle.

2. Viringisha madonge ukubwa wa ndimu. Yakinata mkononi bado yana maji. Ongeza kijiko cha unga wa dengu mkavu.

3. Rojo: kikombe kimoja cha unga wa dengu, chumvi, maji kama nusu kikombe. Lifunike donge usione kiazi hata mahali pamoja. Palipo wazi ndipo patakapopasuka. Unga uliobaki ni wa akiba, rojo likiwa jepesi.

4. Tia manne manne. Usiyaguse mpaka ganda likauke, kisha geuza.

Watoto watoke jikoni. Mafuta yakishika moto: zima gesi, funika karai kwa mfuniko, usiliinue, na usimwage maji KAMWE.

MASWALI

Wa Pipeline: Niko job sijasoma yote. Bhajia zangu zinakunywa mafuta, shida ni nini?
— Bhajia, hatua ya 4.

Wa Eastleigh: Nimefuata kila kitu na bado zimepasuka. Labda vipimo vyako haviko sawa.
— Ulichemsha na maganda?
Wa Eastleigh: Nilimenya kwanza, ni haraka.
— Basi hukufuata. Kovu la mkononi mwangu lilitokana na haraka hiyo hiyo.

Mgeni kutoka Mombasa: Dada, shikamoo. Nyumbani viazi huiva upesi, hapa Nairobi nangoja mpaka nachoka. Ni aina ya viazi?
— Marahaba, swali zuri sana. Aina huchangia, lakini kubwa ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kwenu. Ukiongeza moto hayapati joto zaidi, yanakauka tu. Ongeza dakika, au tumia presha kuka. Mafuta hayahusiki, kwa kuwa hayachemki. Kipimo cha tone ni kile kile huku na kwenu.

Wa Githurai: Nimesaga ndengu posho mill, bhajia zimetoka na rangi ya majani. Nimekosea?
— Umechanganya majina, na wengi huchanganya. Ndengu ni pojo, zile za kijani. Unga wa dengu hutoka kwa chana, dengu za kahawia zilizopasuliwa na kuondolewa ganda. Lakini usitupe ndengu zilizobaki! Loweka usiku kucha, saga mbichi na tangawizi na pilipili bila maji mengi, chota kwa kijiko ukaange kwenye mafuta. Wagujarati wana vitafunio vya namna hiyo, dal vada, na mvua ikinyesha ni raha.

Wa Umoja: Ulijitibu vipi ule mkono? Mimi hupaka dawa ya meno.
— Usipake, dada, wala siagi. Maji baridi ya mfereji yapite juu dakika 20, kisha hospitali kama ni pakubwa. Mimi nilipaka, na nesi alichukua muda mrefu kuitoa.

Mgeni kutoka Mombasa: Na chatini ya ukwaju ya Ba?
— Loweka ukwaju kwa maji ya moto, kamua, chuja. Chemsha na tende zilizotolewa kokwa, jira ya kukaanga, pilipili na chumvi mpaka iwe nzito. Sukari hakutia, utamu wote ni wa tende.