Kuchagua tahasusi kwa mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kusoma sheria

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayetamani shahada ya sheria huanza kwa kuuliza kombi ya wanasheria, yaani tahasusi ya masomo matatu ya Kidato cha Tano na cha Sita, ni ipi. Kombi hiyo haipo. Hakuna somo la sheria ambalo vyuo vikuu vinalidai kutoka sekondari, na wanasheria hodari wametoka HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na hata katika masomo ya sayansi. Tafuta tahasusi itakayokupa alama za kukuingiza chuoni, na itakayokujengea pia uwezo wa kusoma maandishi marefu na kuandika hoja inayosimama. Hilo la pili nitalikazia zaidi, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa.

Kwanza alama. Katika udahili wa vyuo vikuu, A ya Kidato cha Sita huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1, na kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa mhitimu wa Kidato cha Sita ni pointi 4 kutoka masomo mawili. Mwenye D mbili, basi, amefika kizingitini tu; waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi, wenye alama za juu ndio hutangulia. Kwa sababu hiyo usichukue somo kwa kuwa linasikika la kisheria wakati unalipata kwa taabu. Chukua matokeo yako ya mitihani ya Kidato cha Tatu na cha Nne, uyapange somo kwa somo, kisha uangalie ni wapi umepanda muhula hadi muhula. Soma pia masharti ya kila chuo katika mwongozo wa udahili wa TCU, ukianza na chuo kilicho karibu nawe, SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) pale Malimbe, ambacho hufundisha sheria.

Sasa lugha. Vitabu vya sheria na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo HKL na HGL, zenye somo la Kiingereza ndani yake, zina faida ya wazi. Katika kifungu cha sheria, neno "may" humpa mtu hiari na neno "shall" humpa wajibu; anayeyasoma yote mawili kana kwamba yana maana moja amekwisha kupotosha kifungu kizima. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, anakopita mwenye shahada ya sheria kabla ya kuwa wakili, waliotangaziwa matokeo, 26 tu walifaulu moja kwa moja bila kurudia mtihani wowote, na wote 633 walikuwa tayari na shahada. Sababu zilizotajwa wakati ule ni nyingi, lakini kwa maoni yangu uwezo wa kusoma na kuandika haujengwi ukubwani kwa haraka, na Kidato cha Tano ni mahali pazuri pa kuanzia.

Wazazi wengi wa huku kwetu hukidharau Kiswahili, nami nasikitika kila ninapowasikia. Mahakama ya Mwanzo huendesha kesi zake kwa Kiswahili, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Fikiri mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, anayeeleza habari ya nyavu na taa alizopewa na mwenye mtumbwi. Akisema "alinikopesha", amekiri deni. Akisema "alinipa tuvue tugawane", ameeleza ubia, na hasara ya usiku mmoja wa upepo itagawanywa kwa namna nyingine kabisa. Mwanasheria asiyeisikia tofauti hiyo, hasa pale shahidi anapofikiri kwa Kisukuma au Kikerewe na kusema kwa Kiswahili, atampotezea mteja wake haki.

Historia nayo inafundisha kazi yenyewe ya sheria: kukusanya ushahidi, kuupima, na kuonyesha chanzo kilivyozaa tokeo. Huwezi kuielewa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 bila kujua kwamba Wajerumani, mwaka 1895, waliitangaza ardhi kuwa mali ya dola. Jiografia inasaidia katika ramani na mipaka. Uchumi ni mzuri kwa anayevutwa na kodi na makampuni, ila mwenye HGE ajipangie mwenyewe muda wa kusoma Kiingereza.

Kabla ya kuamua, jipime. Ingia TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania ambako hukumu husomwa bure, utafute rufaa moja fupi ya ardhi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu hapa Mwanza, kisha uandike kwa nusu ukurasa nani anadai nini, swali lililobishaniwa ni lipi, na jaji alitoa sababu gani. Siku nyingine nenda ukakae mahakamani kimya na kusikiliza, kwa kuwa kesi nyingi husikilizwa hadharani. Ukiona kazi hiyo inakuchosha lakini unataka kuirudia, hiyo ni dalili nzuri.

Alama za Kidato cha Sita zikipungua, njia ya stashahada ipo: Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hufundisha stashahada ya sheria, na mwenye stashahada huomba shahada akiwa na wastani usiopungua 3.0. Aliyekwisha kujaza Selform, fomu ya machaguo ya tahasusi na shule, naye asikate tamaa. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, TAMISEMI hufungua muda wa kubadilisha machaguo; kaa na mwalimu wa taaluma matokeo yakiwa mezani, mpitie somo moja moja, mbadilishe kabla muda huo haujafungwa.